Mtaliano wa Baba na Kopo la Udongo

Baba yangu alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, nayo haikuwa ya mitume wala ya masultani. Ilikuwa ya Mtaliano aliyeanguka. Kule Unguja, alipokuwa mwalimu wa jiografia na michezo, aliisimulia huku akiichora njia ya mbio ubaoni kwa chaki. Mapinduzi yalipotutoa kwetu na hatimaye kutufikisha London, aliendelea kuisimulia mezani, ila sasa njia aliichora juu ya kitambaa cha meza kwa mpini wa kijiko. Mama akimwambia, "Mtaliano wako keshakufa zamani, mwache apumzike." Baba hakumwacha.

Ilikuwa hivi. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1908 ilikuwa ifanyike Roma, lakini Wataliano wakapatwa na maafa ya mlima wa moto, wakajitoa. London ikaipokea. Huko White City, upande wa magharibi wa mji, wakajenga uwanja ambao dunia ilikuwa haijaona mfano wake: njia ya wakimbiaji, njia ya baiskeli ikiizunguka, na katikati, penye majani, wakachimba bwawa la kuogelea. Baba alilipenda mno hilo bwawa. Huyu anakimbia, yule anaogelea, wa tatu anapigana mieleka, alisema, vurugu tupu kama Idi pale Mnazi Mmoja.

Kulikuwa na mashindano ya kuvuta kamba pia. Polisi wa Kiingereza walikuja na mabuti yao mazito ya kazini, Wamarekani wakalalamika kwamba watu wamejipigilia ardhini, malalamiko yakatupwa. Katika mbio nyingine waamuzi waliamuru zirudiwe, Wamarekani wakagoma, na Mwingereza akazunguka uwanja peke yake akapewa dhahabu. Hapo baba hukinyanyua kijiko na kusema, "Uwanja wao, waamuzi wao, kamba yao." Halafu huongeza kwamba wakati huo sisi Zanzibar tulikuwa chini ya himaya yao, na hata ncha ya kamba hatukualikwa kuishika. Alikuwa na hasira za namna hiyo, za taratibu, za mtu aliyesoma.

Kisha hufika kwa Mtaliano. Alikuwa mtu mfupi, fundi wa keki huko kwao. Mbio ndefu zilianzia kasri la Windsor, na siku hiyo jua likawa kali kwelikweli. Mtaliano akaingia uwanjani wa kwanza, lakini akili imeshamtoka. Akageuka upande usio wake. Wakamwelekeza, akaanguka. Wakamwinua, akaanguka tena, na tena, mbele ya Malkia na maelfu ya watu waliosimama wima. Mwisho madaktari na waamuzi wakamshika mkono wakamvusha mstari. Na kwa kuwa alishikwa mkono, akafutwa. Ushindi akapewa Mmarekani aliyekuja nyuma yake. Kesho yake Malkia alimpa Mtaliano kikombe cha kumpoza moyo.

Hapo baba huuliza: "Wale waliomshika mkono, walimsaidia au walimponza?"

Jibu hakulitoa kamwe. Nilipokuwa msichana mdogo nilimwuliza, akaniambia nikikua nitajua, ambalo ndilo jibu la watu wazima wote wasiojua. Mimi sasa nimekua hata nimepitiliza. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee hapahapa Edmonton, kaskazini mwa London, kazi yangu kubwa ni kunyanyua watu, na hakuna wiki inayopita bila Mtaliano yule kunijia.

Edmonton ndiko tulikokaa tangu mwanzo, katika nyumba iliyobanwa na nyumba nyingine kulia na kushoto. Cheti cha ualimu cha baba hakikutambuliwa. Kila shule aliyoiandikia ilimjibu kwa adabu nyingi, na adabu ya Waingereza ni ngumu kuipasua kuliko tusi. Mwisho akatuambia amepata kazi ya bohari, mbali huko, anatakiwa aingie asubuhi mapema. Mama alikuwa akishona makoti nyumbani kwa ajili ya kiwanda kimoja, na kwa vipato hivyo viwili tukawa tunaishi. Hakuna aliyeuliza bohari hilo linaweka nini.

Lakini Jumapili baba alikuwa maalim. Chumba chetu cha mbele tulikiondolea viti tukatandika mikeka, na watoto wa Kiunguja na Kipemba waliletwa kutoka Stratford, na hata kutoka Thornton Heath kule ng'ambo ya mto, kuja kusomeshwa Kurani. Wazazi walikaa wakingoja, wakipeana habari za nyumbani, na adhuhuri ikiingia wote walipanga safu nyuma yake, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia. Siku nyingine zote alikuwa mtu wa kuitwa kwa kidole. Jumapili mgongo wake ulinyooka. Hicho tu ndicho kilichobaki cha yule mwalimu wa Unguja, na sote nyumbani tulijua kwamba kikiondoka hicho, na yeye ataondoka nacho.

Sasa, chekeche la unga la mama lilipotea.

Alilitafuta siku kadhaa, akanishuku mimi, akamshuku jirani wa Kiayalandi ambaye sidhani kama aliwahi kuona chekeche la aina ile. Akalikuta katika kibanda cha makaa nyuma ya nyumba, limefichwa nyuma ya gunia. Pembeni yake palikuwa na bakuli, kopo la maji, na kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo. Udongo wenyewe ulikuwa umechekechwa ukawa laini kama unga wa ngano.

Mama alikuwa mtu wa Pemba. Waunguja wamezoea kuwatania Wapemba kwa mambo ya uchawi, na mama utani huo ulimuudhi, akasema ni ujinga wa watu wa mjini. Siku ile alichuchumaa mlangoni mwa kibanda, akaufikicha ule udongo baina ya vidole, akasema, "Wa unyayo huu."

Kwa asiyejua: wako wanaoamini kwamba mtu akichota udongo ulioukanyaga, anaweza kukufunga. Anakufumba macho na kinywa, usione linalopita na ukiona usiseme. Na mume humfunga mkewe kinywa kwa sababu gani, kama si kwa ajili ya mke mwingine? Mambo yote mara yakamkalia sawa mama. Kutoka alfajiri. Kunawa mikono kwenye bomba la nje kabla ya kuingia ndani, hata katika baridi ya kukata masikio. Na nguo za kazi, ambazo baba hakumruhusu mtu kuzigusa, akazifua mwenyewe.

"Mwanamme anayejifulia ana lake jambo," alisema.

Alihamia chumbani kwangu na msahafu wake. Akasoma Yasini kila jioni huku akimsikiliza baba akikohoa upande wa pili wa ukuta. Na kwa kuwa jambo lilimzidi kifua, akamweleza bibi mmoja wa Stratford tuliyekuwa tukimwita Bi Mkubwa, mtu mzima mwenye heshima zake, wajukuu wake wakisoma kwetu. Bi Mkubwa alimwambia afunge mdomo, jambo hili lisitoke. Yeye mwenyewe alishindwa kuufunga wake.

Asubuhi moja mama alivaa koti juu ya buibui, akalitia lile kopo la udongo katika mkoba wake, akaniambia, "Leo huendi skuli."

Tulimfuata baba kwa treni, tukiwa behewa la nyuma yake, tukabadilisha, tukaingia za chini ya ardhi. "Mum, this is mad," nilimwambia, maana nikiogopa ulimi wangu hukimbilia Kiingereza. "Nyamaza utembee," alijibu. Nilikuwa nimeshamchukia huyo mwanamke tunayekwenda kumkuta. Nilikuwa nimeshampa na sura.

Baba aliteremka White City. Akapita barabara, akaingia mlango mdogo kando ya lango kubwa la uwanja mkuukuu. Lango lenyewe lilikuwa wazi kwa ajili ya malori, na sisi tulisimama ng'ambo tukaona ndani kipande cha ngazi za watazamaji. Baada ya kitambo baba akatokea kwenye ngazi hizo. Alikuwa amevaa ovaroli na ameshika fagio pana, anasukuma chini mirundo ya vikaratasi vilivyochanwa. Vilikuwa vya kamari. Uwanja ule siku hizo ulikuwa wa mbio za mbwa.

Na mbwa wenyewe wakaja, wembamba, wamevishwa vijikoti, wakiongozwa na mtu wao. Mmoja akavuta kamba yake mpaka kwa baba. Baba akaweka fagio chini, akainama, akampa mkono. Mbwa akauramba, kiganja na kifundo, na baba akacheka. Miaka mingi ilikuwa imepita sijamsikia akicheka nje ya nyumba.

Mama akakaa kwenye kiukuta cha watu. Kwetu sisi Mashafii mate ya mbwa ni najisi iliyo nzito kuliko zote. Haitoki kwa kuosha hivihivi, huoshwa mara saba, na moja yake kwa udongo safi. Alikuwa anajua hayo tangu utotoni, na bado ilimchukua muda kuyaunganisha na kopo alilolipakata ndani ya mkoba.

"Bora ingekuwa mke," alisema.

Baba alituona. Alivuka barabara kuja kwetu, mkono wake wa kulia ameutenga mbali na mwili kama mtu aliyebeba yai lililopasuka. "Msinikaribie," alisema. "Una unyevu." Mama alifungua mkoba, akatoa kopo, akampa. Baba akaliangalia kopo lake, akamwangalia mama, akarudi kwenye bomba lililokuwa karibu na lango. Akajipaka udongo, akaosha, akaendelea kuosha mpaka sheria ikatimia, na sisi tunamtazama, na malori yanapita. Sijapata kuona aibu ya mtu mzima kwa ukaribu ule. Ilinifanya nitake kuwapiga wote wawili.

"Nilikuwa na akiba nyingine ya udongo mle ndani," alisema aliporudi kwetu, "lakini imelowa. London kitu kikavu kiko wapi?"

Ndipo akatueleza. Alikwenda ofisi ya kutafutia kazi, akaona kadi ukutani: mfagiaji, White City. Hakuamini macho yake. Alidhani anakwenda kwenye uwanja wa michezo. Alipofika akakuta bwawa limefukiwa siku nyingi, njia imegeuzwa ya mbwa, na hakuna hata mtu mmoja mle ndani aliyekuwa na habari za Mtaliano wala za bwawa.

"Na hukurudi?" mama aliuliza.

"Sikurudi."

"Kwa nini?"

Baba alielekeza kidole ndani ya lango, mahali fulani ambapo sisi tuliona ukuta tu. "Pale ndipo alipoangukia. Kama ni kufagia, nimeona nifagie mahali ninapopajua."

"Unakula kamari."

"Sichezi. Nafagia."

"Unafagia kamari, unatulisha, kisha Jumapili unatusimamia mbele ya Mungu." Mama alisimama akajipangusa koti. "Mimi nyuma yako sisali. Mpaka uache."

Jumapili ile alibaki jikoni. Wanawake waliokuja waliona nafasi yake nyuma ya pazia iko tupu, na kwa kuwa maneno ya Bi Mkubwa yalikuwa yameshawafikia, kila mmoja alijiongezea lake. Jumapili iliyofuata watoto walikuwa wachache. Kisha akaja baba wa mmoja wao, karani, mtu mpole, akakaa nusu kiti chumba cha mbele, akazunguka na habari za hali ya hewa mpaka mwisho akasema, "Maalim, niwie radhi. Watu wanasema unachekecha udongo wa watu."

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya chai. Baba akikaa kimya, yeye ni mchawi, na mchawi hasomeshi Kurani watoto wa watu. Akisema kweli, yeye ni mfagiaji wa mbwa na kamari aliyewaficha watu wote. Hakukuwa na mlango wa tatu. Alimwomba karani yule ampe mpaka Jumapili.

Mama alikuwa amesikia yote. Usiku ulipoingia alitoka chumbani kwangu akaenda kusimama mbele ya baba, na nilijua kwa namna alivyoshika ncha ya kanga yake kwamba anaumia. Ni yeye aliyeutoa ule uvumi nje.

"Sema ulikuwa unapanda mrihani," alimwambia. "Mrihani hutaka udongo laini. Mimi nitakushuhudia."

"Nimeshasema uongo wa bohari," baba alijibu. "Mwengine siuwezi."

"Watakuacha."

"Labda."

"Na ukiachwa utakuwa nani?"

Baba alichukua kijiko mezani akakiweka pale pale.

Jumapili chumba kilijaa kupita kawaida, maana watu hupenda kuona. Baba aliwaanzia mbali. Aliwasimulia Mtaliano wote, tangu mlima wa moto mpaka kikombe cha Malkia, na watoto walisikiliza hata wale waliokuwa wakisinzia kila darsa. Niliona wazee wakitazamana. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya darasani, "Uwanja huo upo mpaka leo, na mimi ndiye ninayeufagia. Mna mbio za mbwa na mna kamari. Udongo mliosikia habari zake ni wa kujitoharishia. Mimi ndiye niliyewaficha, na mke wangu hana kosa kwa alilolidhania."

Hakuna aliyemtukana. Natamani wangemtukana. Walikunywa chai yao, wakauliza habari za mafua yangu, wakatafuta viatu vya watoto. Bi Mkubwa alisimama mlangoni, akasema, "Mungu atakufanyia wepesi, maalim," maneno ambayo kwetu huambiwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Aliyasema kwa huruma kabisa. Adhuhuri ilikuwa haijaingia, na wote walikuwa na treni ya kuwahi.

Uwanja ule, niseme hapa, haupo tena. Waliuvunja miaka ya themanini wakajenga majengo ya ofisi. Baba aliufagia mpaka walipoufunga, na mbwa yule mramba mikono alikufa kabla, naye baba alituficha huzuni yake vibaya sana. Lakini hayo ni ya baadaye. Ninayotaka kuyasema ni ya Jumapili iliyofuata.

Alitandika mikeka kama kawaida. Yote. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba hakuna haja, akajifanya hakusikia. Akapanga juzuu za watoto kwenye rafu, akafungua mlango wa mbele kidogo ili watu wasihitaji kugonga, na upepo ukaingia chumba kizima. Watu hawakuja. Alikaa mahali pake pa kusomeshea, mbele ya mikeka mitupu, akasoma peke yake kimoyomoyo. Nilikuwa nimekaa ngazini namwona kupitia nguzo za ngazi, na nilikuwa nikiwalaani watu wa Stratford na wa Thornton Heath mmoja baada ya mmoja.

Jikoni mama alikuwa akichekecha unga. Alikuwa amenunua chekeche jipya, lile la zamani hakuligusa tena. Nilisikia linavyogonga ukingo wa beseni, taratibu, bila kusita.

Adhuhuri ikaingia. Baba akasimama, akaelekea kibla, akajikimia mwenyewe. Hakugeuka kutazama nyuma. Mgongo wake ulikuwa wima, lakini kwa nguvu, na niliona kwamba hatageuka kwa sababu akigeuka ataiona mikeka.

Chekeche likanyamaza. Maji yakafunguliwa, yakafungwa. Mama akatoka jikoni na mikono inamtiririka, akajitanda kanga ya kusalia, akafika kwenye lile pazia la wanawake. Akalisukuma pembeni lote, akaenda kusimama nyuma ya baba. Mimi nikateremka ngazi mbio nikasimama ubavuni kwake.

Baba alihisi, akageuka.

"Mbona umekuja?" aliuliza. "Kazi sijaiacha."

"Najua."

"Basi?"

"Umeanguka," mama alisema. "Nimekuja kukushika mkono. Wakitaka kukufuta, wakufute."

Baba alimtazama. Nilidhani atasema kitu cha Mtaliano, maana midomo ilimcheza. Badala yake akaelekea tena kibla. Kisha akainua mikono, na takbira ikamtoka imekatika katikati, akairudia.